Mwenge Bila Jina: Kuisoma Upya Sanamu ya Uhuru ya Andy Warhol

Mwaka 1962 Andy Warhol, msanii wa Marekani na mtoto wa wahamiaji, alitwaa picha ya Sanamu ya Uhuru, ile iliyozinduliwa New York mwaka 1886 ikiwa imeinua mwenge, akaichapa juu ya turubai moja mara nyingi, safu kwa safu, kwa kupitisha wino kwenye wavu wa hariri. Wahakiki aghalabu hudai kwamba kurudiarudia huko kuliikamua alama ya taifa maana yake, ikawa sawa na kopo la supu dukani. Dai hilo lina mashiko, lakini jamii inayovaa kanga ina sababu ya kulitilia shaka.

Tanzania nayo ina mwenge wake. Mnamo Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha kileleni Kilimanjaro, na kuanzia 1966 mkono ulioushika ulionekana kwenye sarafu ya shilingi moja, mgongoni mwa picha ya Mwalimu Nyerere. Umechapwa pia kwenye kanga, na hapa ndipo penye mambo. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vyenye sura moja. Kurudiwa ndiyo asili yake. Hata hivyo, hakuna anayesema kwamba kanga imekosa maana kwa sababu jirani anayo kama hiyo.

Kinachoilinda ni jina. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ni usemi usiotaja msemaji wala msemwa. Kanga ya Barack Obama, iliyotoka baada ya ushindi wake wa 2008, ilikuwa na pongezi pamoja na maneno “Upendo na amani ametujalia Mungu”. Maneno hayo hayamtaji rais yeyote. Mvaaji angeweza kumwelekezea mumewe, wifi au mke mwenza, na kila mmoja angejua lake.

Tuseme basi kwamba mama wa Namswea, huko Mbinga, amembeba mtoto kwa kanga ya mwenge akielekea kwenye ngoro zake. Alama ya dola sasa ni mbeleko. Neno lenyewe halimpingi, kwani kabla ya siasa mwenge ulikuwa fungu la nyasi kavu au vijiti, likiwashwa ili mtu aone njia usiku. Wingi wake, mienge, bado una harufu ya moshi huo. (Wingi huo hausikiki katika hotuba za mbio za Mwenge: mwenge wa taifa ni mmoja tu.)

Umewahi kuzuka mjadala, hata bungeni, kama Mwenge wa Uhuru uendelee kukimbizwa au upelekwe makumbusho. Pande zote mbili huchukulia kwamba maana yake imo mikononi mwa serikali, ama ya kuitunza ama ya kuifuta. Kanga haikubaliani nao: maana imo pia kwa aliyeifunga kiunoni.

Kwa macho hayo, turubai la Warhol lina mji lakini halina jina. Anwani yake haitoshi, kwa kuwa anwani huieleza picha, ilhali jina la kanga humsemesha mtu. Ubaridi ambao wahakiki wameuhusisha na kurudiwa kwa picha huenda unatokana na ukimya huo.