King'ora cha Moto si Pambo
Nasaha kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Mji Mkongwe, Unguja



Nyumba zetu zina kuta za mawe na chokaa, lakini dari zake zimebebwa na boriti, na ngazi nyingi ni za mbao. Moto ukishika ngazi, aliye ghorofani hana njia. Vichochoro navyo ni vyembamba. Mara nyingi gari la zimamoto huishia barabarani. Kwa hiyo indhari ya mapema ndiyo uokozi wenyewe.

Moshi hupanda juu. Hivyo kitambuzi cha moshi hufungwa darini, hasa juu ya ngazi na karibu na vyumba vya kulala. Jikoni hufaa kitambuzi cha joto. Wapo wanaokizima kwa kuwa kimelia kwa moshi wa udi. Kukihamisha ni sawa. Kukizima ni kumwachisha kazi mlinzi kwa kosa la kukesha.

Betri ya akiba nayo ni lazima. Tukumbuke Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme miezi mitatu, tukaishi kwa mishumaa na majenereta. King'ora cha umeme wa waya pekee huwa bubu wakati wa hatari zaidi.

Wakuu wa ofisi na wenye nyumba wanaombwa wakijaribu kila mwezi, na mwenye dhamana hiyo ajulikane. Kikilia, tokeni kwanza. Mali hutafutwa tena.