Vibarua Wasio na Vibali Katika Vibanja Vyetu



Tumeombwa tuseme juu ya wahamiaji wasio na vibali na uchumi wa familia zetu. Jambo hili si geni. Tangu enzi za ukoloni watu wa Rwanda na Burundi wamekuwa wakija Buhaya kupalilia migomba na kuchuma kahawa. Wengi wetu tumesomeshwa kwa kahawa iliyochumwa kwa mikono yao, ingawa ni nadra tulitaje.

Malalamiko yanayosikika Bukoba na Muleba yana ukweli ndani yake. Kijana wetu adaiye ujira wa haki hukuta kazi imekwisha kutwaliwa na aliyekubali nusu yake. Makundi ya ng'ombe kutoka ng'ambo ya mpaka huingia katika rweya na kumaliza malisho. Ardhi ya kijiji nayo hugawiwa kwa siri, hali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaiweka haki ya kimila mikononi mwa raia.

Lakini ni nani aliyeushusha ujira huo? Ni sisi wenye vibanja. Asiye na karatasi hathubutu kwenda kwa mtendaji wa kijiji kudai chake. Siku ya malipo ikikaribia, mwajiri hutishia kumtaja kwa Uhamiaji, naye hutoroka usiku mikono mitupu. Hapo wameibiwa watu wawili: kibarua huyo, na kijana wa jirani asiyeweza kushindana na kazi ya bure. Wala ng'ombe hawakujikaribisha wenyewe. Yuko aliyewapokea, na pengine alipokea na kitu.

Mwezi Julai 2013 Rais Kikwete aliwapa wahamiaji hao wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Ujambazi wa barabarani ulikuwa umewachosha watu wa Kagera, na Serikali ilikuwa na wajibu wa kuukomesha. Hata hivyo, miongoni mwa maelfu waliovuka mpaka walikuwamo walioishi nchini kwa miongo mingi, waliooa na kuzaa hapa. Familia ziligawanyika, mifugo na mashamba vikaachwa. Katika hali ya namna hiyo, ugomvi wa mpaka wa kibanja hugeuka upesi kuwa ugomvi wa uraia.

Hatusemi sheria iwekwe kando. Twasema mgeni aandikishwe ofisi ya kijiji siku afikapo, ujira upatanwe mbele ya mashahidi, na ulipwe wote hata kama mwenyewe hana kibali. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, haimtofautishi kibarua mwenyeji na mgeni. Waliokaa miaka mingi wasaidiwe kuomba ukaazi au uraia. Ardhi igawiwe mbele ya mkutano wa kijiji.

Kabla mavuno ya kahawa hayajaanza, wenyeviti wa jumuiya wapite nyumba kwa nyumba na kuuliza kama vibarua wa mwaka uliopita wamelipwa. Majibu yaletwe kwetu, hata yakiwa ya aibu.