Hesabu Anaijua, Neno Ndilo Limemkwaza

Mlioko Shinyalu, Malava, Khwisero na hapa mjini Kakamega, sogezeni redio karibu.

Mtoto amerudi na daftari la hesabu limejaa mikasi. Usimkaripie bado. Muulize kwa lugha ya nyumbani, Lwisukha au Lukabarasi: una ndizi 30, mwenzako ana 12, umemzidi ngapi? Akijibu 18 papo hapo, hesabu anaijua. Kilichomwangusha ni neno "difference", ambalo hakuna aliyemwambia kwamba kitabuni linamtaka atoe.

Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya imekuwa kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lake, kisha Kiingereza kishike usukani kuanzia mwaka wa 4 wa shule. Shule nyingi hukiharakisha, nasi wazazi tunapiga makofi.

Mwalimu, usimpe wa gredi ya 5 kazi ya gredi ya 2 kwa sababu ya lugha. Mwachie kazi ya rika lake, ila umshike mkono. Maneno magumu matano yaandike ubaoni kabla ya somo. Chora. Waache wanafunzi wajadiliane wawili wawili kwa lugha wanayoimudu, ndipo waandike kwa Kiingereza, ukiwaanzishia sentensi. Na kile kibao cha kumvisha aliyeongea lugha ya mama? Kifanye kuni ya kupikia chai.

Mzazi, usiku huu mwambie mwanao akueleze somo la sayansi kwa lugha yenu. Kiingereza chako hakihitajiki hapo.