Daftari la mkuu wa kijiji wakati wa vita



Leo tuzungumze juu ya kazi ya mambo ya ndani wakati wa vita. Wengi wetu tukisikia jina la wizara hiyo tunawaza polisi na jela. Ni kweli polisi wamo. Lakini kazi yake ni kubwa zaidi: kusimamia utawala kutoka jimbo mpaka teritware, utawala wa mwami, grupema na kijiji, kulinda raia, na kujua nani anakaa wapi. Kwa hiyo wewe mkuu wa kijiji unayeandika wageni katika daftari lako, unafanya kazi ya mambo ya ndani, hata kama hujawahi kufika Kinshasa.

Vita vikija, kazi hiyo inapasuka. Wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003, nchi yetu iligawanyika. Kinshasa ilikuwa na waziri wake wa mambo ya ndani. Huku mashariki, RCD-Goma ilikuwa na idara yake na magavana wake. Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002 na serikali ya mpito ya Juni 2003 yalirudisha nchi pamoja. Ndipo, mwaka 2005, watu wakaandikishwa kwa ajili ya kura, na kadi ya mchaguzi ikawa kitambulisho cha wengi. Hesabu ya mwisho ya watu wote ilikuwa ya mwaka 1984! Mtu aliyezaliwa mwaka uliofuata alikuwa mtu mzima, na serikali haijamhesabu.

Mwezi wa Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi. Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari Bukavu. Mwezi huo wa Februari, kambi za kando ya Goma zilibomolewa, na familia nyingi zikaondoka na mizigo yao kichwani. Jeto la msaada la kambi halionyeshi shamba lako liko wapi, wala halisemi mtoto wako alizaliwa lini.

Kila mara utawala unapobadilika, karatasi ya jana inatiliwa mashaka. Anayeumia ni nani? Ni mjane anayerudi kijijini na kukuta mtu mwingine analima shamba la mume wake. Ni mtoto aliyezaliwa chini ya hema, asiye na cheti.

Sheria haikuwasahau. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zinasema wapewe vitambulisho vyao bila masharti magumu, wala wasilazimishwe kurudi walikotoka ili kuvipata. Zinasema pia mwanamke ana haki ya kuwa na karatasi kwa jina lake mwenyewe. Mapatano ya Kampala ya 2009 yanasema vivyo hivyo. Kwetu, sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema cheti cha kuzaliwa kinatolewa bure. Mtoto aandikishwe kabla ya siku 90. Zikipita, itahitajika hukumu ya mahakama. Mama, usingoje amani ndipo uandikishe mtoto.

Sasa ninyi viongozi. Daftari linaweza kuokoa, linaweza pia kuua. Jirani zetu wa Rwanda waliona hayo mwaka 1994: kitambulisho kilichoandikwa kabila kilitumiwa kwenye vizuizi vya barabara kuchagua nani afe. Kwa hiyo ninawaomba mambo manne.

Kwanza, andikeni aliyezaliwa, aliyekufa, aliyefika na aliyeondoka, pamoja na tarehe. Msiandike kabila. Mgao wa unga hauhitaji kabila.

Pili, kabla watu hawajasahau, andikeni mashamba: yako wapi, yanapakana na ya nani, shahidi ni nani. Jina la mke liwekwe pamoja na la mume.

Tatu, mtu mwenye silaha akidai orodha ya vijana, usijibu peke yako. Ita wazee, mama na wahudumu wa kanisa au wa msikiti. Orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula isitumiwe kutafuta maadui.

Nne, wekeni nakala mbili, mahali pawili. Nyumba ikiungua, nakala moja itabaki.

Mtaniuliza: utawala ukibadilika tena, nani atakubali daftari letu? Hatuwezi kuahidi kwamba kila ofisi italikubali. Lakini siku ya kuamua mgogoro wa shamba, baraza litauliza nani anajua. Kijiji chenye tarehe na mashahidi kitakuwa na jambo la kuonyesha. Kijiji chenye maneno tu kitagombana, na ugomvi wa shamba umewasha moto mara nyingi huku kwetu.

Mizinga ikinyamaza, majirani watakutana tena kisimani. Tuwaandalie ukweli wa kusimamia.