Swali la Kijana wa Magamba
Hotuba ya karani wa chama mbele ya mkutano wa mwaka, Mtito Andei



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya elimu kabla ya hesabu za fedha kusomwa. Twataka kusimulia habari ya swali moja, kisha tuwaombe jambo dogo.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, na kungoja yapoe ndipo wayaweke katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Naye Erasto Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja u nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa mazito tu kama uji.

Akamwuliza mwalimu sababu. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea, wenzake walimtania kwa neno hilo. Sisi tuliosoma shule za misheni twakijua kicheko cha namna hiyo. Kimenyamazisha watoto wengi kuliko fimbo.

Kisha akaja Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama: maji ya kiasi kimoja, haya ya digrii 35 na haya ya digrii 100, yakiwekwa jokofuni pamoja, kwa nini ya moto hutangulia kuganda? Dakta akatabasamu, akamtaka alirudie swali. Akamwuliza kama amelijaribu mwenyewe. Kisha akasema kwamba hajui, lakini atalijaribu akirudi Dar es Salaam.

Hakika alilijaribu. Fundi wake wa maabara alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaongeza kwamba watarudia mpaka wapate jibu lililo sawa! (Sisi makarani tusimcheke sana, wako miongoni mwetu wanaojumlisha mpaka hesabu ikubali.) Waliporudia, ikawa vile vile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo kwa majina yao mawili. Wakati huo kijana alikuwa akisomea kazi ya kuhifadhi wanyama huko Mweka, karibu na Moshi, kazi ambayo sisi tukaao mlangoni pa Tsavo twaifahamu.

Wataalamu wangali wanashindana. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilipotaka maelezo, walijibu watu zaidi ya 22,000. Na mwaka 2016 wengine walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Basi Dakta Osborne hakumpa Mpemba jibu la mwisho. Alimpa ruhusa ya kuendelea kuuliza.

Sasa twaungama kosa letu. Mwaka huu, tulipoandikisha watoto wanaosaidiwa karo na chama, mtoto mmoja alituuliza kwa nini maji ya mtungi hupoa zaidi ukiwekwa penye upepo, ilhali upepo wa Mtito Andei wenyewe ni wa moto. Tulikuwa na haraka. Tukamwambia, "Andika jina lako." Akaandika. Alipokuja mara ya pili kuchukua stakabadhi, alisimama mlangoni kimya.

Tuliona haya, tukamwita. Tukaweka mitungi miwili, mmoja barazani penye upepo, mmoja ndani ya afisi madirisha yakiwa yamefungwa. Tukamweleza kwamba mtungi hutoka jasho kama mtu, na jasho likikauka huchukua joto pamoja nalo. Jioni tukatia mikono ndani ya maji, tukamwambia, "Waona? Wa barazani umepoa zaidi." Akasema kwamba mkono wa mzee na mkono wa mtoto havipimi sawasawa.

Bwana Mwenyekiti, katika hesabu zitakazosomwa sasa mtaona fungu dogo la vipimajoto viwili na daftari moja. Baadhi ya wanakamati wameona afadhali fedha hizo ziongezwe katika karo. Twawaomba mlipitishe. Mitungi ingali pale pale, na mtoto huja kila Jumamosi.