Mji Uliotekwa na Kete Zilizoondoka

Huenda baadhi yenu mlihofia kwamba leo profesa atazungumzia michezo ya watoto. Hofu yenu si ya bure.

Katika Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Stockholm, saa huanza kuhesabu tarehe 11 Novemba 1444, na Kilwa imo ramanini na rangi yake. Ukiitaka, unaizingira, unangoja, mnapatana amani, kisha unalipa alama za utawala mpaka jimbo lihesabike lako. Kodi, uzalishaji na askari, tarakimu tatu zinazolipima, zinahamia kwako.

Wabunifu wameweka breki. Ukimeza mengi kwa mkupuo, waasi wanainuka na majirani wanaungana dhidi yako. Katika mchezo mwingine, Hearts of Iron IV, tangu mwaka 2020, kila nchi iliyokaliwa ina vipimo viwili vinavyovutana, upinzani na utii. Kazi nzuri. Ila breki hizo zinamshughulikia mtekaji. Aliyetekwa yupo pale pale, kama gunia ghalani. Swali ni nani ana ufunguo.

Sasa tazameni Kilwa yenyewe. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alishusha askari, mtawala wake Ibrahim akakimbia, Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni na kujenga ngome. Mwaka uliofuata Ankoni akauawa. Mwaka 1512 Wareno wakaihama ngome, wala si kwa kushindwa vitani. Utajiri wa Kilwa ulikuwa dhahabu iliyopitia Sofala, na watu waliojua kuipeleka ng'ambo kwa pepo za msimu. Wareno waliikalia Sofala mwaka ule ule wa 1505, wakataka biashara yote iwe yao. Wenye vyombo wakatafuta bandari nyingine, Angoche mojawapo. Mawe yakabaki.

Europa Universalis haiwezi kuliona hilo. Biashara ya pwani yetu hukusanyika kwenye kituo kiitwacho Zanzibar na kutoka kwa mishale isiyogeuka, uteke usiteke. Nahodha wa kung'oa nanga kwa hasira hayumo.

Muhula uliopita darasani tulijaribu kumtia, juu ya karatasi ya manila. Kete za bao zilikuwa vyombo, kila chombo na nyumba inayokimiliki, na kila kaskazi ikivuma nyumba iliamua itie nanga wapi. Kijana mmoja aliteka mji wenye kete kumi na nne, akapandisha ushuru, akaenda kupigana kwingine. Aliporudi msimu wa tatu alikuta mbili. Akanishitaki mbele ya darasa kwamba nimemwibia kete.

Tulihesabu pamoja, bandari kwa bandari, mpaka zikatimia. Kisha akashusha ushuru. Zilirudi tatu.