Tansio: Jibu la Kinywa na Jibu la Mashini

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa memba, Kindu)



Tulipoandikisha familia kule Alunguli, karatasi yetu iliuliza: "Uko na tansio?" Mama mmoja mwenye kuuza mawese alinijibu: "Hapana, mimi niko nguvu." Upande huu wa mto, mwalimu mmoja alijibu: "Ndiyo, nakunywa vidonge." Nikaandika hivyo, na katika ripoti yangu tansio ikaonekana ni ugonjwa ya wenye franka. Nilikosea.

Tuliporudi na mashini, mama alikuwa na 190 juu ya 110. Mwalimu, 130 juu ya 80, dawa yake inafanya kazi. Mama hakudanganya. Tangu mimba ya mwisho hakuna mtu aliyemfunga mkono ile kitambaa. Swali letu kwa kweli lilikuwa linauliza: "Kuna mganga alikuambia?" Na kumuona mganga ni franka za pirogi, franka za fishi, na siku nzima bila kuuza. Tansio yenyewe hailie. Kichwa kinaweza kukaa bila kuuma hata siku moja.

Si Kindu tu. Utafiti SAGE wa Shirika la Afya Duniani, 2007 mpaka 2010, uliuliza watu na pia uliwapima, katika China, Ghana, India, Mexico, Urusi na Afrika Kusini. Kwa kinywa, magonjwa kadhaa yalionekana zaidi kwa matajiri. Kwa vipimo, tofauti ilipungua ao iligeuka. Kwa mwaka 2019, shirika hilo lilihesabu watu bilioni 1,28 wa miaka 30 mpaka 79 wenye tansio ya juu, na 46 kwa mia kati yao hawakujua.

Wafadhili, nisikilizeni hapa: tukigawa sanduku la dawa kwa kufuata ile karatasi, tutasaidia wale wenye tayari wanakunywa dawa. Lakini mashini peke yake haitoshe. Yule mama aliniuliza: "Umenipima, sasa unaniacha nayo?" Sikuwa na jibu. Naomba amlodipini ya kila mwezi, si ya kampeni ya siku moja.

Jumamosi, kisha salongo, tutapima chini ya mwembe, hata wenye wanajisikia nguvu. Mukae kwanza dakika 5, mkono juu ya meza, bila kuongea. Tutapima mara 2.